Mwanachama Aliye Njiani

"Nipo."

Neno moja tu. Na kati ya wote waliokuwa ndani ya kile chumba cha kushonea, hakuna aliyelisema.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, sikia haraka haraka. Fundi ni mshonaji. Ndiye katibu wa kikundi cha kujitolea kinachotafuta watu waliopotea. Kikundi kinaitwa Mpaka Aonekane, na aliyekianzisha ni mama yake mzazi, Mama Kipenga. Huyo mama alitoka asubuhi moja kwenda machimbo ya kokoto kumtafuta mzee aliyesahau njia ya kwao. Mzee akaonekana mchana wake, kakaa kituo cha basi anasinzia. Mama Kipenga hajaonekana mpaka leo.

Tangu siku hiyo kila kikao jina lake linaitwa, na wenzake wote wanaitikia kwa pamoja: "Njiani!" Kiti chake hakikaliwi.

Wiki jana Fundi aliliita jina. Kabla watu hawajafungua midomo, sauti ya mama yake ikaitika kutoka nyuma ya kile kiti.

Basi bwana.

Dereva wa lori la maji, ambaye watu wanamwita Breki kwa sababu hana, alitoka dirishani. Dirisha lina nondo, lakini hilo hakulifikiria mpaka kichwa kilipopita na mabega yakagoma.

"Nivuteni!" akapiga kelele. "Nivuteni jamani, ananishika miguu!"

"Hakuna anayekushika, ni meza hiyo," Wakili akamwambia.

"Kaeni chini wote!" Afande akaunguruma. Afande ni askari magereza mstaafu, sauti anayo. Ila alikuwa anaunguruma akiwa amejibanza nyuma ya Wakili, na Wakili ni msichana mwembamba kama rula.

Fundi peke yake hakukimbia. Alikwenda mbele. Sauti ile anaijua. Ina kukwaruza kidogo mwishoni, kama zipu inayoshika kitambaa. Miaka miwili ameingoja mlangoni, ameingoja kwenye simu, ameingoja hata ndotoni, na ndotoni haikuja.

Nyuma ya kiti kuna pazia la chumba cha kupimia nguo. Pazia lilikuwa linacheza, na upepo haukuwepo.

"Mama?" Fundi akaita.

Pazia likatulia.

Akalivuta.

Mwanamke alikuwa amesimama pale, mkoba kaukumbatia kifuani. Uso wa mama yake. Pua ya mama yake. Lakini mfupi zaidi, mnene zaidi, na kwenye shavu hakuna lile kovu la moto alilonalo mama yake.

"Mama mdogo," Fundi akasema. Lilimtoka kama pumzi ya mpira uliochomwa mwiba.

"Nimepita mlango wa uani, kama zamani," mama mdogo akasema. "Sikuja kumtisha mtu. Nimesikia dada anaitwa, mdomo ukaitika wenyewe. Tangu tukiwa wadogo, akiitwa yeye naitika mimi. Anajificha kazi, mimi ndiyo naambiwa nikateke maji."

"Nivuteni basi!" Breki akalia kule dirishani.

Wakamvuta. Shati likabaki na nondo.

Sasa hapo ndipo ungesema kisa kimeisha, watu wacheke, chai imiminwe. Wapi! Fundi na mama mdogo walikuwa hawajasemeshana tangu mwaka wa kwanza wa msiba. Na hilo neno lenyewe, msiba, ndilo lililowagombanisha. Mama mdogo aliweka kilio nyumbani kwake, akapokea pole, akavaa nguo nyeusi. Fundi akaenda mpaka mlangoni, akawaambia waombolezaji, "Rudini kwenu, mama yangu hajafa." Tangu hapo, salamu hakuna.

"Nani kakuita?" Fundi akauliza.

Mama mdogo aliangalia pembeni, na macho yake yakatua kwa Afande.

Afande akaanza kukohoa kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho.

"Afande!"

"Sikiliza, binti yangu. Usipandishe. Mimi nilifikiria kikundi."

"Ulifikiria nini?"

"Kesho ofisi ya usajili inatusubiri, sawa? Waanzilishi kumi, kila mmoja na kitambulisho chake, kila mmoja anasaini mbele ya afisa. Si ndiyo, Wakili?"

"Ndiyo sheria," Wakili akasema.

"Sisi tuliandika kumi. Sasa hesabu vichwa humu."

Hakuna aliyehesabu. Walikuwa wanajua wao ni tisa. Wakati wa kujaza karatasi za kwanza, Fundi aliita majina kama anavyoita siku zote, na wote wakaitikia kama wanavyoitikia siku zote, na yeye akaandika kumi. Hakuna aliyeona kosa. Kwa watu wale, Mama Kipenga kuwa njiani lilikuwa jambo la kawaida kama Breki kuwa chooni. Ni afisa wa usajili ndiye aliyeuliza, "Huyu wa kumi yuko wapi?" Breki akamjibu kwa heshima zote, "Njiani, mheshimiwa." Afisa akasubiri mpaka ofisi inafungwa.

"Kwa hiyo," Afande akaendelea, sauti kaishusha, "mama mdogo anafanana naye. Sauti ile ile mmeisikia wenyewe, nusura Breki aache ngozi dirishani. Anakwenda, anasaini, tunatoka. Nani atajua?"

"Kidole kitajua," Wakili akasema. "Wanachukua alama za vidole. Afande, hiyo ni kesi ya kughushi. Utarudi gerezani, na safari hii hutakuwa na funguo."

Breki akacheka mpaka akapaliwa. Afande hakucheka.

"Mimi nilishamwambia sitamwigiza marehemu dada yangu," mama mdogo akasema. "Nimekuja kwa jina langu. Mnataka mtu wa kumi, mimi hapa. Nina kitambulisho changu na kidole changu."

"Usimwite marehemu," Fundi akasema.

"Nimwiteje?"

"Mwite dada yako."

Mama mdogo akaukumbatia tena mkoba wake.

Wakili akakaa, akavuta karatasi. Yule binti hana maneno mengi, anavaa raba za kukimbilia, na kazi zote za kikundi anazifanya bure, kama wenzake. Akasema taratibu: "Inawezekana. Mama mdogo anaingia, Mama Kipenga anatoka, tunaandika muhtasari wa kikao leo, kesho tunasajiliwa. Ila anatokaje? Lazima tuseme sababu."

"Tusiseme," Fundi akamkata. "Tuache tu. Tungoje."

"Tungoje mpaka lini?" Afande akauliza. "Jumatatu hospitali inafunga mlango, binti. Umesahau?"

Angesahau vipi? Kila Jumamosi Fundi alikuwa anaingia ile wodi ya wagonjwa wasiojulikana, wale waliookotwa barabarani bila jina. Anapita kitanda kwa kitanda. Anafunua shuka polepole, anaangalia uso, anafunika. Halafu anashuka chini kwenye vyumba vya baridi, anafanya hivyo hivyo. Amerudisha watu wengi kwa ndugu zao kwa mtindo huo. Wa kwake hajamwona. Sasa mganga mkuu mpya ametoa tangazo: kuanzia Jumatatu, kikundi kisicho na cheti cha usajili hakivuki geti. Kikundi kisichovuka geti kitamtafuta nani?

Na hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Ili aendelee kumtafuta mama yake, lazima kwanza amtoe mama yake.

Chumba kikawa kizito. Nje mawingu yalishuka mpaka taa ikabidi iwashwe mchana. Nguo za wateja zilizotundikwa ukutani zilionekana kama watu waliokuja kusikiliza, kila moja na mabega yake, hakuna yenye kichwa. Kwenye sanamu la kuvalishia kulikuwa na gauni la bluu ambalo Fundi alimkatia mama yake kabla hajapotea. Limekamilika kila kitu isipokuwa pindo la chini. Wateja wamelitaka, amelikatalia. Usiku anapopita na kibatari, Fundi huliambia samahani, na hajui kwa nini.

"Jamani, tumalizie mambo mengine kwanza," Breki akasema, maana yeye kimya kinamuwasha. "Kile kifungu cha katiba, kwamba kikundi kikifa mali zetu ziende wapi."

"Mali gani?" Afande akauliza.

"Kamba, tochi, kile kipaza sauti, na birika."

"Birika ni langu."

"Si ulilitoa?"

"Nililiazima!"

"Afande, chombo kimenywewa chai miaka yote hii na kikundi kizima, hicho ni mali ya umma."

"Kikundi kikivunjwa, mali haigawanwi kwa wanachama," Wakili akasema bila kuinua uso. "Inakwenda kwa kikundi kingine chenye kazi kama yetu. Hakuna mtu anayetoka na faida. Hata birika."

"Basi kisivunjwe," Afande akasema. "Mimi kesho asubuhi nitakunywa chai na nini?"

Wakacheka kidogo. Lakini kicheko kilikwenda mpaka kwenye kile kiti kitupu, kikafia pale.

"Fundi," Wakili akaita. "Katiba yetu ina njia tatu za mtu kuacha uanachama. Kifo. Kujiuzulu. Kufukuzwa. Lazima tuchague moja, na wewe ndiye mtoto wake. Hatutapiga kura bila wewe."

"Kajiuzulu," akasema mwalimu mmoja wa chekechea aliyekaa pembeni, kwa huruma. "Si ndiyo nzuri? Haina ubaya."

"Mama yangu?" Fundi akageuka. "Mama yangu ajiuzulu kutafuta watu? Mwalimu, wewe mtoto wako alipopotea sokoni, nani alilala nje na wewe?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Basi andikeni amefariki," mama mdogo akasema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeomba maji. "Mwanangu, nimechoka. Simu ikilia naruka. Mbwa akibweka naenda mlangoni. Kila mara mnamwita na kusema njiani, njiani, mimi huku usingizini nasikia miguu inatembea. Inatembea tu, haifiki. Mwacheni akae. Mwandikeni amefariki, apumzike, na mimi nipumzike."



Fundi akamtazama. Miaka miwili alidhani mama mdogo amesahau upesi. Kumbe miguu ile ile anayoisikia yeye kila usiku nje ya dirisha, ikija, ikija, isifike, na mwenzake anaisikia.

"Na wewe unaisikia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Viatu vya ngozi. Kimoja kinaburuta."

Fundi akashika ukingo wa meza. Kweli. Kimoja kinaburuta. Hajawahi kumwambia mtu.

Mwalimu akaanza kusali chinichini. Breki akaangalia dirisha, akakumbuka nondo, akakaa.

"Wakili," Fundi akasema. "Hizo njia tatu. Zinatofautianaje?"

"Kwa maana gani?"

"Mtu akirudi."

Wakili akafikiri. "Aliyefariki, ameshafariki. Faili imefungwa. Aliyejiuzulu, aombe upya kama mgeni. Aliyefukuzwa..." Akasita. "Aliyefukuzwa ana haki ya kukata rufaa. Anakuja mbele ya kikao, anajieleza, kikao kinaweza kumrudisha na nafasi yake."

"Muda wa rufaa una mwisho?"

"Hatukuandika mwisho."

"Basi mfukuzeni."

"Ati nini?" Afande akaruka.

"Mfukuzeni. Andikeni hivyo. Maiti haikati rufaa. Mama akifukuzwa, atakuja juu. Mnamjua. Atakuja hapa ametoa macho, atauliza nani mwenye kichwa kibovu aliyemfukuza kwenye kikundi chake mwenyewe. Nataka aje aulize."

Mama mdogo akaweka mkono mdomoni. Usingeweza kujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Atakupiga," akasema.

"Anipige."

"Sababu ya kufukuzwa?" Wakili akauliza, kalamu mkononi.

"Kutohudhuria vikao."

Wakanyoosha mikono. Mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaozama. Wa mwisho alikuwa Fundi. Akanyoosha, akaona mkono wake mwenyewe juu pale, akauchukia.

Halafu kwa utaratibu ikabidi majina yaitwe upya, ya waanzilishi kumi halali. Fundi akasimama, akaita. Afande, yupo. Mwalimu, yupo. Breki, yupo, bila shati. Akafika pale ambapo siku zote jina la mama yake linakaa, akaliruka.

Hakuna aliyewaambia wanyamaze, lakini wote walinyamaza. Walingoja muda ule ule ambao jina lile lingechukua. Taa juu ikafifia, ikarudi. Kile kiti kikalia, kile kilio cha mbao mtu anapoinuka.

"Ni ubao tu," Afande akasema upesi. "Unyevunyevu."

Hakuna aliyembishia. Hakuna aliyemwamini.

* * *

Asubuhi yake walifika ofisi ya usajili wote kumi, wamevaa vizuri kama wanakwenda kuposa. Fundi hakuwa amelala. Si kwa sababu ya miguu nje ya dirisha. Kwa sababu usiku huo, kwa mara ya kwanza, hakuisikia.

"Na wewe?" alimuuliza mama mdogo kwenye ngazi.

"Kimya," mama mdogo akasema. "Kimya kabisa. Sijakipenda."

Ukumbi wa ofisi ulikuwa mrefu, rangi ya kijani ukutani imebanduka, mabenchi yamejaa watu na mafaili yao. Kila dirisha na afisa wake. Afisa wao alikuwa yule yule, mama wa miwani minene, kikombe pembeni.

"Mwenzenu wa njiani amefika?" akauliza.

"Amefukuzwa," Breki akajibu.

Afisa akamwangalia juu ya miwani, akaona bora asiulize. Akapokea muhtasari, akasoma, akagonga muhuri. Akapokea katiba. Akauliza nani mwenyekiti, nani mtunza hazina, nani anayelipwa. Hakuna anayelipwa. Akagonga. Akawaita kidole kwa kidole. Mama mdogo akabonyeza chake, akakifuta kwenye leso, akaangalia ule weusi usiotoka.

Wakili akamminya Fundi bega. "Tumemaliza. Bado jina tu."

Fundi akashusha pumzi. Kesho Jumamosi, wodini. Jumatatu, getini, na cheti mkononi. Atasema, fungua, nina ruhusa.

"Jina la kikundi," afisa akasema, vidole kwenye kompyuta.

"Mpaka Aonekane," Fundi akasema.

Afisa akaandika. Akangoja. Akavua miwani, akaifuta, akavaa.

"Hili limeshachukuliwa."

"Haiwezekani," Fundi akasema. "Ni letu. Mama yangu ndiye aliyelitunga, jikoni kwetu."

"Limesajiliwa asubuhi hii, dada. Kazi hiyo hiyo, kutafuta waliopotea, wa kujitolea. Waanzilishi kumi. Nimeligonga mimi mwenyewe mlipokuwa mnapanda ngazi."

"Kalisajili nani?" Wakili akauliza.

"Mwenyekiti wao. Mama mmoja mpole sana. Yule pale, dirisha la mwisho, anangoja cheti chake kikauke."

Wakageuka wote.

Kule mwisho wa ukumbi mwanamke alikuwa amewapa mgongo. Nywele zimekuwa nyeupe. Afisa wa dirisha lile alimwita jina ambalo Fundi hajawahi kulisikia, na mwanamke akaitika, akanyoosha mkono kupokea karatasi.

Mama mdogo akamshika Fundi kiganja kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Usiende," akanong'ona. "Mwanangu, mimi nilimlilia yule. Usiende."

Fundi akajichomoa. Akatembea katikati ya mabenchi, akipishana na magoti ya watu, macho yake hayatoki kwenye ule mgongo. Akafika. Akamgusa bega.

Mwanamke akageuka.

Kovu la moto lilikuwa pale pale, kwenye shavu.

Akamtazama Fundi kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwa huruma, bila kumtambua, kama anavyotazamwa mgeni aliyefiwa. Akafungua mkoba, akatoa kalamu.

"Pole sana, binti," akasema. "Kaa hapa. Unamtafuta nani?"